Niliwafundisha Kutoka, Sikuwafundisha pa Kusimama

Nimestaafu nikiwa na miaka thelathini na mmoja. Chekeni upesi mmalize, maana nina mtoto mgongoni na mahindi yanangoja palizi. Mkuu wa shule amewapokea nyinyi wawili, walimu wapya wa kujitolea, akaniomba niwaandikie kuhusu somo la jiografia, "hasa ile mada yako, Madam Generoza." Mada yangu ni matetemeko na volkano. Anaiita yangu kana kwamba mimi ndiye ninayeitikisa ardhi. Haya, naipokea. Nimeifundisha miaka minane, na siku moja yenyewe ilinifundisha mimi mbele ya shule nzima.

Habari za posho siandiki, hazijazi hata mstari. Cheo nilipewa kimoja, mlezi wa klabu ya mazingira, na mali yote ya klabu ilikuwa reki moja isiyo na mpini.

Nilizaliwa Nyarubungo, Biharamulo, nikaolewa Kibimba, huku Ngara. Elimu yangu ni kidato cha nne, na jiografia nilipata B. Shule yetu mnaijua, jina lake silitaji kwa sababu nitasema mambo. Siku niliyoripoti, Mkuu alinikabidhi boksi la chaki, kitabu kimoja kisicho na jalada, na ramani ya Afrika ambayo panya walikuwa wameila Angola yote. Nikauliza kama kuna kitabu kingine. Akasema, "Madam, hicho ndicho kingine. Cha kwanza kilipotea."

Kitabu kilikuwa kwa Kiingereza. Mtihani ulikuwa kwa Kiingereza. Watoto walikuwa wanaota kwa Kihangaza, wengine kwa Kisukuma, wengine kwa Kirundi. Mimi nilifundisha kwa Kiswahili, mlango nimeufunga, kisha dakika kumi za mwisho tunakariri maneno ya mtihani. Mkaguzi akija, mfanye mnavyoona. Ila msije mkamfundisha mtoto jambo la kumwokoa maisha kwa lugha anayoiogopa.

Aliyenifundisha kazi ni Mwalimu Bahati, mwalimu wa hesabu, mtu mrefu, shati limepigwa pasi hadi mikunjo inakata. Wiki ya kwanza alikaa nyuma ya darasa langu. Baada ya kipindi akaniita pembeni.

"Dada, umeuliza 'mmeelewa?' mara kumi na moja."

"Na wamejibu ndiyo."

"Hata ng'ombe ukimuuliza hivyo atajibu ndiyo. Muulize mtoto hivi, ukifika nyumbani utamwelezaje bibi yako? Akinyamaza, hajaelewa. Akicheka, hajaelewa na ni mjanja."

Hilo lichukueni kama lilivyo. Lilinifaa kuliko kitabu.

Lakini Mwalimu Bahati alikuwa na ugonjwa wake, na ugonjwa huo ni mstari. Yeye ndiye aliyekuwa mwalimu wa nidhamu. Kengele ikilia asubuhi, mstarini. Ikilia saa nne kabla ya uji, mstarini. Mgeni akija, mstarini. Wafupi mbele, warefu nyuma, mkono mmoja begani kwa mwenzako kupima nafasi. Hakuna kuondoka mpaka mwalimu wa zamu aseme "tawanyikeni". Alikuwa akisema shule isiyo na mstari ni mnada wa ng'ombe. Na mstari wenyewe ulikuwa upande wa magharibi wa darasa la kidato cha pili, chini ya ule ukuta wa mwisho wenye pembetatu ya tofali inayoshika paa, kwa sababu asubuhi jua linatoka mashariki na ukuta unatupa kivuli kizuri. Mwalimu anasimama kwenye ngazi, mgongo umeelekea ukuta. Wanafunzi wanamtazama. Wafupi ndio wako karibu na ukuta kuliko wote.

Shikeni picha hiyo. Mimi niliiona kila siku kwa miaka saba na sikuiona.

Sasa somo lenyewe. Kila mwaka mtoto mmoja atauliza, "Madam, mlima wetu utalipuka?" Mwambieni hapana. Milima ya Ngara si volkano, ni miamba ya zamani mno iliyokunjwa kama mkeka uliosukumwa ukutani. Volkano zilizo hai ziko kule kaskazini-magharibi, upande wa Kongo, na nyingine iko mbali mashariki, kwa Wamasai. Sisi tupo katikati, kati ya matawi mawili ya Bonde la Ufa. Moto hautufikii. Mtikisiko unatufikia. Atauliza tena, "Kwa nini?" Hapo usichore ubaoni. Mpeleke jikoni.

Jiko la shule ni banda la miti na bati, halina kuta. Mpishi ni Mama Kulwa, mama wa Kisukuma aliyekuja na mume na ng'ombe kutoka Shinyanga. Ana mdomo, na ana sufuria kubwa kuliko zote nilizowahi kuona. Uji ukishachemka, akipunguza kuni, juu yake unajitanda utando. Huo ndio ganda la dunia. Chini ya utando uji una moto, unapanda katikati, unasambaa kando, unazama. Utando unasukumwa, unapasuka vipande vipande. Vipande hivyo ndivyo mabamba. Viwili vikigongana, kingo zinajikunja, hiyo ni milima. Viwili vikiachana, unaona mpasuko na uji unachungulia, hilo ni Bonde la Ufa. Viwili vikisuguana, vinang'ang'aniana, vinakataa, halafu vinaachia ghafla. Huko kuachia ghafla ndiko kutetemeka kwa ardhi. Na ule uji unaoruka ukakuunguza mkono ni volkano.

"Kwa hiyo dunia ni uji?" aliuliza Debora, msichana wa kidato cha pili, mfupi kuliko wenzake wote, mdomo wake haujui kufungwa.

"Chini huko ni mwamba wenye moto, mwingi wake mgumu lakini unasogea, polepole sana. Bara letu linachanika taratibu kuliko kucha yako inavyoota."

"Sasa kama ni taratibu hivyo, mbona linatikisika kwa nguvu?"

Mama Kulwa akajibu kabla yangu. "Mume wangu naye anakasirika taratibu. Wiki nzima. Halafu Ijumaa anavunja kiti."

Darasa lilicheka nusu saa, lakini kwenye mtihani wote walieleza kwamba nguvu hujikusanya kidogokidogo na kuachiliwa mara moja. Mmoja aliandika na habari za kiti. Nilimpa alama.

Bibi mmoja Mrundi jirani yangu huita tetemeko nyamugigima, na ukimsikiliza unadhani ni mtu anayepita na mizigo yake. Msiwadharau wazee wanaosema hivyo. Wao wanajua linakuja bila hodi, na hilo ni kweli kuliko yule kijana wa simu aliyesambaza kwamba tetemeko lingine litapiga Jumanne saa tisa. Hakuna mtu duniani anayejua siku wala saa ya tetemeko. Akikuambia anajua, mwambie akatabiri mvua kwanza.

Baada ya lile kubwa la upande wa Bukoba, watu wote walijua neno rikta kwa wiki mbili, kisha wakalisahau. Mimi nilianza kazi mwaka uliofuata na nilikuwa na hasira nalo bado, kwa sababu niliona picha za nyumba. Nyumba zilizolala zilikuwa kama zetu. Tofali za kuchoma, udongo katikati badala ya saruji, hakuna lenta. Lenta ni ule mkanda wa zege na nondo unaozunguka juu ya kuta zote na kuzishika pamoja. Nyumba bila lenta ni kuta nne ambazo hazifahamiani. Kila moja inaanguka upande wake.

Nilimwomba Mkuu tufanye zoezi la kutoka madarasani. Alikataa miaka miwili. "Madam, utawatia watoto hofu." Mwaka wa tatu akakubali kwa sababu barua ilitoka wilayani ikisema shule zifanye mazoezi ya usalama. Barua ina nguvu kuliko mimi, nimezoea.

Tulikaa watatu ofisini, Mkuu, Mwalimu Bahati na mimi. Nikaeleza. Kitabu kinasema ingia chini ya meza. Madawati yetu ni mbao mbili na misumari, hayazuii tofali. Kwa hiyo aliye karibu na mlango atoke mara moja, aliye mbali ajikunje chini ya dawati ashike kichwa mpaka mtikisiko upungue, kisha atoke. Kengele yetu ni ringi ya gari, ikipigwa mfululizo bila kupumzika, hiyo ndiyo alama. Mwalimu Bahati alisikiliza, akaandika, akauliza swali moja.

"Wakishatoka, tutawahesabia wapi?"

Na mimi, Generoza, mwenye B ya jiografia, nikajibu, "Mstarini. Si ndipo wamezoea?"

Nimeliandika hili mara tatu nikalifuta. Safari hii naliacha. Lile kosa lilitoka kinywani mwangu.

Tukafanya zoezi kila muhula. Walikuwa hodari. Kengele mfululizo, mlango, mbio bila kusukumana, mstari, mkono begani, hesabu. Mwalimu Bahati alikuwa na saa mkononi na kila mara walipunguza muda. Mgeni wa wilayani aliwahi kutusifu. Alipiga na picha, watoto wamenyooka kama nguzo, ukuta nyuma unang'aa. Ile picha ningeipata ningeichana.

Mwaka wangu wa nane nilikuwa na Zawadi, mtoto wangu wa pili, miezi saba. Mwalimu wa kujitolea hana likizo ya uzazi, ana huruma ya wenzake. Zawadi alishinda jikoni kwa Mama Kulwa, amelazwa kwenye beseni lililotandikwa kanga, nami nilikwenda kunyonyesha kati ya kipindi na kipindi. Asubuhi hiyo nilikuwa ofisini nasahihisha. Ilikaribia saa nne. Kwanza nilisikia mlio, kama lori la mizigo linalopanda kilima kwa gia nzito. Nikafikiri, lori gani hilo linalopita shambani? Halafu chupa ya wino ikaanza kutembea mezani.

Nilifika kwenye ringi nikapiga. Watoto walishaanza kutoka. Ardhi ilitikisika kwa muda wa kusoma Baba Yetu nusu, ikatulia. Vumbi, vigae viwili vya ofisi chini, kuku wametawanyika. Hakuna aliyeumia. Na hapo moyo wangu ukajaa majivuno, nasema kweli. Walitoka vizuri sana. Madarasa yote, bila kupiga kelele, na kabla sijaweka chini kile chuma cha kugongea kengele walikuwa tayari wamepanga mstari.

Ndipo nilipoiona ile picha.

Shule nzima ilikuwa imesimama chini ya ukuta. Ukuta ulikuwa na ufa mpya kuanzia dirishani hadi kwenye pembetatu ya juu, na kwenye ufa udongo ulikuwa unamwagika kidogokidogo, kama unga unaovuja kwenye gunia. Debora alikuwa mbele kabisa. Mwalimu Bahati alikuwa kwenye ngazi, daftari mkononi, mgongo kwa ukuta, anahesabu.

Miguu yangu ilitaka kwenda jikoni. Nyinyi mkizaa mtajua, na ambaye hatazaa aniamini tu. Mtoto wangu alikuwa upande wa pili wa shule na ardhi ilikuwa imetoka kutikisika. Nikajiambia kwa sauti, jiko ni miti na bati, halina tofali, halina kuta. Nililisema kama mtu anayejibu mtihani. Kisha nikakimbilia mstarini.

"Ondokeni hapo! Nendeni uwanjani!"

Wakanitazama. Hakuna aliyesogea. Mstari hauvunjwi na Madam anayepiga kelele, mstari unavunjwa na mwalimu wa zamu.

"Bahati, watoe!"

"Namaliza kidato cha tatu, Madam. Wamebaki kumi na..."

"Bahati, ukuta!"

"Madam, ukiwatawanya sasa hatutajua nani hayupo. Tulipanga hivi. Wewe mwenyewe ulipanga hivi."

Ni kweli. Nilipanga hivyo. Na tetemeko huwa haliishi mara moja, nilikuwa nimewafundisha mwenyewe, linaleta watoto wake nyuma, dakika, saa, hata siku baadaye. Kubishana na Bahati kungechukua muda ambao sikuwa nao. Nikaenda pembeni mwa mstari, mahali anaposimama kiongozi wa mbio za asubuhi, nikavuta pumzi yote iliyokuwamo kifuani, nikapiga wito.

"Mchakamchaka!"

Shule nzima ikajibu, "Chinja!"

Hawakufikiri. Wangefikiri wangebaki. Kila siku alfajiri ya Mungu wanakimbizwa kwa wito huo, na wakiusikia miguu inaondoka yenyewe. "Mchakamchaka!" "Chinja!" Nikageuka kuelekea uwanja wa mpira nikaanza kukimbia, matiti yamejaa maziwa, blauzi imelowa, kandambili moja mguuni, nyingine sijui iko wapi. Nyuma yangu nikasikia vishindo vyao, mstari kwa mstari, kidato kwa kidato. Wapo waliocheka. Mwalimu Bahati alikuwa akipaza sauti, "Madam! Madam Generoza!" lakini sauti ilikuwa inakaribia, maana mwalimu ambaye mstari wake umeondoka hana pa kubaki.

Tulikuwa tumefika golini ilipotikisika mara ya pili. Ilikuwa ndogo kuliko ya kwanza. Ilitosha. Pembetatu ile haikuporomoka, ililala. Ililala nzima kwa nje, kama mtu aliyechoka, ikafunika ngazi na ikafunika mahali pa kidato cha kwanza na cha pili hadi mstari wa katikati. Vumbi lilipopungua hakuna aliyekuwa akicheka. Mwalimu Bahati alikaa chini kwenye nyasi na suruali yake ya pasi. Daftari lake lilikuwa chini ya tofali.

Mama Kulwa alikuja kutoka jikoni, Zawadi kifuani, mwiko mkononi. "Mwanao huyu amelala muda wote," alisema. "Wewe ndiye umeamka?" Nilimchukua mtoto nikamnyonyesha palepale golini mbele ya kidato cha nne, na hakuna aliyethubutu kugeuza shingo.

Sasa ngojeni niwaambie kilichoniudhi hasa, maana mpaka hapo mnadhani ni ardhi.

Taarifa iliyoandikwa ilisema hakuna madhara kwa binadamu, uharibifu mdogo. Wiki ya pili nikafika asubuhi nikamkuta Fundi Masanja juu ya jukwaa la miti, anarudisha pembetatu. Tofali zilezile, amezipangusa. Udongo uleule. Nilisimama chini yake mkono kiunoni.

"Fundi, unafanya nini?"

"Binti, hata shikamoo hakuna?"

"Shikamoo."

"Marahaba. Haya, sasa nitukane."

"Unairudisha ili ianguke tena?"

"Nairudisha kama ilivyokuwa. Ndivyo nilivyoambiwa. Na mimi nimejenga kabla hujazaliwa. Uliza kata nzima, nyumba yangu gani imeanguka?"

"Hii hapa. Umeshika tofali zake."

Akapaka udongo, akaweka tofali. Nikaenda kwa Mkuu. Mkuu akasema tetemeko ni jambo la Mungu. Nikamwambia Mungu alitikisa tu, tofali tulizipandisha wenyewe. Akasema nipunguze sauti. Nikamwambia sauti yangu ndiyo iliyoitoa shule yake chini ya ukuta, haipungui. Tangu siku hiyo sikuingia darasa lile. Niliegemeza ubao kwenye mlingoti wa goli nikafundisha kidato cha pili juani, wakatoka jasho, wakalalamika, nikawaacha walalamike. Mwezi na nusu. Wazazi wakasikia, wakaitisha kikao, na si kwa ajili ya ukuta. Kwa ajili yangu.

Kikao kilijaa. Baba mmoja alisimama akasema babu zetu waliishi na matetemeko na hawakuandamana. Nikamjibu babu zetu waliishi nyumba za nyasi, ikikuangukia unajipangusa unaendelea na pombe yako. Watu walicheka. Mwingine akasema kutoka nyuma, "Huyu anatafuta ajira tu, anajionyesha kwa wilaya." Hilo lilinichoma, kwa hiyo nikalijibu kwa kitu ambacho sikuwa nimepanga kukisema. Nilisema mbele ya wote, "Siku lenta itakapomwagwa juu ya darasa hilo naacha kazi. Andikeni kwenye muhtasari." Katibu akaandika. Hapo ndipo nilipostaafu, kama mnataka kujua.

Halafu nikatoa vifaa. Kidato cha pili walikuwa wamenitengenezea tofali ndogo kwa visanduku vya kiberiti, wakazikausha. Tulijenga nyumba mbili juu ya ubao, kila moja na pembetatu zake, udongo katikati. Chini ya ubao tulimwaga maharage, ili utembee. Nyumba moja Debora aliizungushia kamba ya katani juu ya kuta, akaikaza, na pembetatu zake tukaweka za karatasi ngumu badala ya tofali. Nikamwita Fundi Masanja aje atikise mwenyewe. Nilimpa heshima hiyo kusudi. Angetikisa mtu mwingine wangesema ni mchezo.

Alitikisa kidogo. Hakuna kitu. Akatabasamu kwa watu. Akatikisa tena. Nyumba isiyo na kamba, pembetatu zote mbili zikalala nje, moja huku moja huku, kisha kuta zikafunguka kama ua. Ile ya kamba ilipasuka pembeni, ikasimama. Akaitikisa tena kwa hasira, kama anaidai. Ikapata nyufa, ikasimama.

Aliinama akaigusa ile kamba kwa kidole. "Hii kamba iwe nondo," alisema, bila kunitazama. "Na huku juu iwe bati kwenye fremu ya mbao. Nyepesi. Lakini nileteeni saruji, siwezi kufunga lenta kwa udongo."

Mkuu alianza kusema tutaliangalia. Mwalimu Bahati akasimama. Sikujua atasema nini, hatukuwa tumezungumza vizuri tangu siku ile.

"Mimi nilikuwa nahesabu," alisema. "Ardhi imetoka kutikisika, mwenzangu ananiita kwa jina, mimi nahesabu. Ningemaliza hesabu na ingekuwa sahihi, wazazi wangu. Ningewaletea idadi kamili ya watoto wenu." Akakaa. Hakuna aliyesema tutaliangalia tena.

Pembetatu ya tofali ikashushwa, wazazi wakachangishana fedha za saruji na nondo. Walioleta mchanga walileta mchanga, walioleta kokoto kokoto. Siku ya kumwaga zege akina mama walipanga foleni ya ndoo kutoka kisimani, Mama Kulwa akiwa mbele anaimba matusi ya Kisukuma ambayo namshukuru Mungu siyaelewi. Fundi Masanja alifunga nondo akaniita nipande nizikague. Nilipanda na Zawadi mgongoni. Sijui kitu kuhusu nondo, lakini nilizishika zote, moja moja, nikashuka nikasema zinafaa. Siku zege lilipokauka niliingia darasa lile na kidato cha pili, nikafundisha kipindi kimoja cha mwisho, kisha nikamkabidhi Mkuu chaki.

Kwa hiyo, nyinyi wawili. Mpeleke mtoto jikoni kabla ya kumpeleka ubaoni. Msiseme tetemeko linaua, waonyesheni kinachoua na kiko wapi kwenye shule yao wenyewe, wakinyooshee kidole. Zoezi lolote mkilifanya likaenda vizuri, hapo ndipo mlikague, kwa sababu likienda vibaya kila mtu atalikagua. Na mjiulize kila mara swali ambalo sikuliuliza mimi. Wakishatoka, wanasimama wapi, na juu yao kuna nini?

Mwezi uliopita ilitikisika tena. Ndogo. Nilikuwa nalima, nikahisi jembe linanirudi mikononi. Sikufikiri. Nilimkaza Zawadi mgongoni nikakimbia kilima chote hadi shuleni, matope hadi magotini, nimesahau hata kujifunga kitambaa kichwani. Darasa lilikuwa limesimama. Wanafunzi walikuwa katikati ya uwanja, wamekaa hovyo, wengine wamelala chali, wengine wanasuka nywele, na Mwalimu Bahati yuko katikati yao anawahesabu kwa kuwazunguka.

Debora aliniona nikihema. Sasa yuko kidato cha tatu na bado ni mfupi.

"Madam, shikamoo. Unakimbilia wapi?"

"Marahaba. Nimekuja... kuwatoa."

"Tumeshatoka," alisema, akarudi kusuka nywele za mwenzake.

Nikasimama pale kidogo. Hakuna aliyenihitaji. Nikageuka nikashuka kilima kwenda kumalizia tuta langu.